Udongo wa Bi Naima

Harufu ilinipata karibu na Fanja. Tulikuwa tukirudi Maskati kutoka Ibra, tumesimama kujaza petroli, na nyuma ya ukuta wa shamba mtu alikuwa akichemsha tende. Tende kwetu si jambo la kumshangaza mtu. Lakini hii ilikuwa tende iliyochemka mpaka maji yake yakaanza kugeuka asali, ile harufu nzito iliyokaribia kuungua lakini haijaungua. Mume wangu alinikuta nimesimama tu, mlango wa gari uko wazi.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu. Nimemkumbuka Bi Naima."

Yeye hakumjua Bi Naima. Nikaanza kumhadithia, na tulipofika nyumbani tulikaa ndani ya gari mpaka nikamaliza.

Nilikulia Ibra, katika nyumba ya saruji iliyojengwa mbele ya nyumba ya udongo ya wazee wetu. Ile ya udongo ilikuwa imebaki kuwa ghala la tende na mahali petu watoto pa kujificha. Nyuma yake kulikuwa na mitende, na katikati ya mitende mlipita mfereji wa falaji, maji baridi hata wakati wa jua kali. Baba alifanya kazi Maskati, akirudi mwisho wa wiki. Siku zilizobaki tulikuwa wanawake watatu nyumbani: Mama, Bibi na mimi, nami nilijihesabu mwanamke ingawa meno yangu ya mbele yalikuwa hayajaota upya.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa tayari ameolewa. Nyumbani alisema kutwa: alisema na sufuria, alisema na redio, alisema na paka wa jirani. Nje alikuwa mtu mwengine. Kwenye mikutano ya wanawake alikunywa kahawa yake, akala halua yake, akajibu "alhamdulillahi" kwa kila alichoulizwa, akarudi nyumbani. Mimi nilidhani hiyo ndiyo adabu ya watu wakubwa. Kumbe zamani, kwenye harusi moja, wanawake walicheka alipokuwa akisema, kwa sababu Kiarabu chake kilitoka kimelainika, herufi nzito zote zimekuwa nyepesi. Hawakucheka kwa ubaya sana, lakini walicheka, na tangu siku hiyo maneno yake akayafungia nyumbani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata nyumbani hakulisema. Ukimuuliza walivyotoka Unguja, alijibu, "Tulikuja, basi," na mkono wake ukatafuta kitu cha kufanya.

Nyumba iliyofuata yetu alipanga Daktari Miriam, daktari wa watoto, mwanamke mrefu mwenye haraka ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari Mwingereza. Alikuwa rafiki wa Mama. Majira ya baridi alikwenda London kumzika baba yake, na aliporudi alirudi na mama yake. Tulimtarajia bibi wa Kizungu. Akashuka kwenye gari mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani, akatuamkia kwa Kiarabu.

Kiarabu chenyewe kilikuwa na mambo yake. Palipotakiwa ra alitia ghaini, na maneno mengine hatukupata kuyasikia. Alisema jina lake Naima, na kwamba alizaliwa Basra. Bibi alimsikiliza, akaniinamia sikioni na kuninong'oneza kwa Kiswahili, "Huyu naye, mjukuu wangu, washamcheka mahali."

Akampenda kuanzia hapo.

Tabu ilikuwa kwamba Bi Naima hali chakula. Tulimwona akipungua, vidole vyake vimekonda mpaka pete ikafungwa kwa uzi isianguke. Kila jioni baada ya sala ya alasiri Bibi alifunika sahani kwa kitambaa, akanishika mkono, tukaenda. Alimpelekea uji wa mchele, alimpelekea supu ya mbuzi, alimpelekea kuku wa kupaka. Bi Naima alishukuru kwa maneno mazuri, na nyama hakuigusa kabisa. Uji aliutia ncha ya kijiko. Bibi alirudi na sahani zake kimya, na ukimya wa Bibi ulikuwa jambo zito nyumbani kwetu.

Siku moja nilimsikia Daktari akizungumza na Mama jikoni.

"Sikukuu yetu imekaribia," alisema. "Kama itapita naye hajala, nitamrudisha London, alazwe, watampa chakula kwa mipira ya puani. Yeye hataki. Anasema akiiona tena ile nyumba bila Baba ndani yake, hatatoka mzima."

Mama alimshika mkono. Mimi nilikuwa chini ya meza na kitabu changu, na sikukisoma tena.

Jioni ile Bibi hakupeleka chakula. Alikaa karibu na Bi Naima akamwuliza kwa kile Kiarabu chake, alichokiacha kitoke kwake tu, "Dada, roho yako inataka nini? Hata kikiwa mbali, wewe kitaje."

Bi Naima alifumba macho. "Tini," akasema. "Tini yetu. Basi."

Bibi alisimama papo hapo. Njia nzima aliwaza kwa sauti: tini mbichi hazijawa, wakati wake bado, itabidi kutafuta kavu sokoni. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua jambo ambalo Bibi hakulijua. Mwalimu wetu wa Kiarabu alikuwa ametufundisha kwa ukali tofauti ya ta mbili. Ukiitamka nyepesi, tini ni tunda. Ukiitamka nzito, ulimi umejaa kinywani, ni udongo. Bi Naima aliitamka nzito. Na kumsahihisha Bibi Kiarabu chake kulikuwa kosa ambalo Baba hakulisamehe kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nikachukua kazi hiyo mimi mwenyewe. Wala sikushangaa kwamba mtu anataka udongo. Shangazi yangu alipokuwa na mimba alitumiwa udongo wa kula kutoka Unguja, vipande vilivyookwa, akavitafuna mchana kutwa kama karanga, na Bibi alinieleza kwamba wajawazito ndivyo walivyo. Nikafikiri. Bi Naima hali, ana kichefuchefu, anataka udongo. Ni mzee, kweli, lakini kwenye chuo cha Kurani tulikuwa tumesomeshwa habari za Bibi Sara, mke wa Nabii Ibrahimu, aliyejaaliwa mtoto katika uzee wake. Jambo likaniwia wazi. Nilishangaa tu kwamba Daktari, na usomi wake wote, hakuligundua.

Nilikwenda mahali falaji inapoingia shambani kwetu, ambapo maji huacha udongo laini usio na mchanga. Niliuchagua kama mtu anayechagua nyanya. Niliutandaza juani, nikauvunja vipande vidogo, nikavitia kwenye bakuli la kioo la Mama, nikanyunyizia marashi ya waridi kidogo kwa sababu nilijua chakula cha mgonjwa lazima kimvutie. Juu nikatandika kitambaa.

Jioni ya pili tulitoka sote wawili na vyombo vyetu. Bibi hakuniuliza nimechukua nini. Alikuwa na furaha yake: tini kavu nzuri, zimepangwa duara.

Bi Naima alizitazama tini, akamshukuru Bibi, na nikaona kwenye uso wake kwamba sizo. Nikasogeza bakuli langu, nikalifunua.

"Hii nini, binti yangu?"

"Tini," nikasema, na ta yangu ilikuwa nzito kuliko aliyotaka mwalimu. "Nimeutoa maji yanapoingia, ni safi. Kula kidogo kidogo. Mtoto naye ataupenda."

"Mtoto gani?"

"Wako. Kama wa Bibi Sara."

Bibi akatia mkono kinywani. Bi Naima alinitazama, akalitazama bakuli, akatia pua yake akanusa yale marashi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemliza. Kisha kikatoka kicheko, kwanza chembamba kama mlango wenye kutu, kisha kikafunguka, akacheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani, akacheka huku akinivuta kifuani kwake na kunibusu utosi. Daktari alikuja mbio kutoka ndani akidhani kuna msiba, akasimama mlangoni. Baadaye alimwambia Mama kwamba alikuwa ameshaisahau sauti ile.

"Ni chakula, mwanangu," Bi Naima alisema alipoweza kusema. "Kwetu tunakiita haleki. Ni tende. Lakini rangi yake ni ya udongo, na ndiyo maana yake: Wana wa Israili walipokuwa watumwa wa Firauni walifyatua matofali. Kila mwaka, sikukuu ya kutoka Misri, tunakula udongo wa tende kukumbuka. Mume wangu alikuwa akiniita jikoni, 'Naima, njoo uonje tini.' Mzaha wake huo, mwaka baada ya mwaka."

Bibi alikuwa amekaa wima. "Nyinyi ni..."

"Mayahudi," alisema Bi Naima. "Wa Basra. Baba yangu aliuza tende."

Nilimtazama Bibi. Neno lile nilikuwa nikilisikia kwenye televisheni tu, na kila lilipotajwa mkubwa mmoja pale nyumbani alipandisha sauti ya habari au aliipunguza. Daktari naye alimtazama Bibi, mkono wake uko kwenye mwimo wa mlango. Bi Naima aliinamisha macho akaanza kuirudisha pete yake mahali pake. Nakumbuka pangaboi likizunguka.

"Ndiyo maana hukula nyama yangu," alisema Bibi mwishowe.

"Ndiyo maana, dada. Tuna uchinjaji wetu. Nilikosa namna ya kukwambia."

"Mimi nikadhani naitia chumvi nyingi." Bibi aliondoa sahani ya tini, akaisukuma upande. "Haya. Na hiyo haleki inapikwaje?"

Bi Naima alikunjua mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Asali ya tende na jozi, kokwa zile za ganda gumu, zilizotwangwa, basi, hakuna cha tatu. Lakini asali yenyewe aliipika mume wake. Hakumruhusu mtu kugusa. Yeye alijua ladha yake tu. Na ya dukani hakuweza kuitumia, kwa kuwa katika sikukuu hiyo hawali kitu chochote chenye ngano iliyochachuka, wala kilichopita karibu nayo, na nani ajuaye kiwandani kimechanganywa na nini.

"Sikukuu lini?"

"Kesho, jua likitua."

"Basi muda upo," alisema Bibi.

Nyumbani Mama alikuwa na wasiwasi wake. Aliusema taratibu, kwa heshima, akikunja nguo. Daktari ni rafiki yake, lakini mtaa una macho, na moshi wa jikoni huonekana mbali. "Watu watasema, Mama."

"Walisema nilipokuja, watasema nitakapokufa," alijibu Bibi. "Hapa katikati kuna mgonjwa anataka kula. Na Musa ni nabii wetu sisi sote. Nipe ufunguo wa ghala."

Mama alimpa, na asubuhi alikwenda kazini akiwa amemwachia Bibi kitambaa chake kizuri cha melimeli cha kuchujia. Sikuambiwa ni ruhusa, lakini niliielewa.

Tuliwasha moto uani, kati ya nyumba ya udongo na mitende, kwa mafiga matatu na makuti makavu. Bibi alitoa sufuria ya shaba ambayo haikupikiwa kitu kingine tangu iletwe ila tende. Bi Naima alikuja ameshikiliwa na Daktari, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na Daktari akaenda hospitali akigeuka nyuma kila hatua. Kabla ya lolote Bi Naima aliomba sufuria ijazwe maji, ichemshwe mpaka maji yamwagike ukingoni pande zote. Akaeleza kwa kuona haya kwamba ni sharti la sikukuu.

"Usione haya," Bibi akasema. "Tahara ni tahara."

Tukazitoa kokwa tende za khalasi, tukaziroweka katika maji ya moto, tukazichemsha mpaka zikapasuka. Tukazitia kwenye melimeli, Bibi ameshika ncha moja na mimi ncha nyingine, tukaikamua tukizunguka kinyume kama watu wanaofua shuka. Maji yalitoka ya rangi ya chai. Hapo ndipo Bibi alipokosea. Alikuwa fundi wa halua, na halua hutaka moto mkali na mkono mzito. Akatia makuti kwa wingi, akaanza kumhadithia Bi Naima habari za jirani yake wa Unguja aliyefuga kasuku, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Bibi akisema Kiarabu bila ya kusimama, maneno yanafuatana, kasuku, jirani, mume wa jirani. Wote wawili walinogewa. Tulipogutuka sufuria ilikuwa inatoa moshi.

Bi Naima aliionja kwa ncha ya kidole. Akatikisa kichwa. Ilikuwa chungu kama dawa. Tulimpelekea mbuzi wa jirani, naye alinusa akaondoka zake.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Bibi alijifuta jasho, akatazama jua, akasema, "Tunaanza upya." Nilimwona Bi Naima amejiegemeza, amefumba macho, ule uchangamfu wa kasuku umemtoka. "Acha, dada," alisema. "Mikono yangu haijui. Aliyejua amekwenda." Bibi alijifanya hakusikia. Akamimina tende nyingine.

Mara hii moto ulikuwa mdogo, kuti moja moja. Maji ya tende yakaanza kupungua polepole, yakageuka mekundu, yakageuka kahawia. Adhana ya alasiri ikalia. Bibi alinipa mwiko.

"Koroga chini, usipumzike. Nakwenda kusali."

Nikabaki na sufuria na Bi Naima. Mwanzo nilikoroga kwa fahari. Kisha mikono ikaanza kuniuma, na asali ikaanza kuwa nzito, inapasuka mapovu makubwa na kurusha matone yanayochoma. Nilirudi nyuma. Nikasikia harufu inageuka, ile ile ya mwanzo, inasogea kwenye uchungu. Nikaita, "Bibi," lakini Bibi alikuwa amesimama kwenye sala, na mtu aliye kwenye sala hajibu.

"Bi Naima, inaungua."

Alifumbua macho. "Punguza moto."

"Sifiki, inanirukia."

Nikaona anatazama huku na huku kama anayemtafuta mtu wa kumtuma. Hapakuwa na mtu. Basi akaweka mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti, akasimama. Wiki zote zile sikupata kumwona akisimama peke yake. Akaja hatua moja, akaja nyingine, akapiga lile kuti kwa mguu wake likatoka chini ya sufuria, akanipokonya mwiko.

"Si hivyo, binti yangu. Yeye alikuwa anakwenda hivi." Akakoroga kwa umbo la nane, kutoka pembeni kuja katikati, na kila baada ya kitambo akainua mwiko juu akatazama asali inavyodondoka. "Ikianguka tone tone, bado. Ikianguka kama utepe, imekuwa." Alikuwa akiniambia mimi, lakini nadhani alikuwa akijisikiliza mwenyewe, akishangaa kwamba macho yake yalikuwa yamejifunza miaka yote ile aliyodhani anangoja kuitwa kuonja.

Bibi alirudi na mswala wake begani akamkuta mgonjwa amesimama kwenye moto, mikono ya nguo imekunjwa, uso mwekundu. Alikwenda kuleta kinu, akakaa chini, akaanza kutwanga jozi ambazo Bi Naima alikuja nazo kwenye sanduku lake kutoka London.

Asali ilianguka kama utepe. Tuliiteremsha ikapoa, tukanyunyizia jozi, tukachanganya, na ikawa kweli rangi ya udongo wa falaji, mzito, unaong'aa. Bi Naima alichovya kijiko. Akakaa nacho kinywani. Machozi yalimtoka bila sauti, na huku yakimtoka akachovya tena, akala, na tena. Daktari aliingia getini wakati huo, koti jeupe bado liko mwilini. Alimwona mama yake ana kijiko, akasimama pale pale, kama mtu aliyeona ndege katua karibu na hataki kumshtua.

Tuliswali magharibi, kisha tukaenda kwao sote watatu, Mama amebeba wali wa nazi na samaki wa changu aliyekuja siku hiyo kutoka Sur. Wali kwao ni ruhusa, na samaki hana neno. Mezani palikuwa na mikate mikavu mipana kama biskuti isiyo na chumvi, majani machungu, mayai, na katikati bakuli la haleki.

"Usiku huu," Bi Naima alisema, "aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza. Mtoto asipouliza, wakubwa hawana la kusimulia. Kwetu hatuna mtoto. Miriam kauliza mpaka kaota mvi."

Wakanitazama. Nilisimama, kama tulivyofunzwa shuleni, na nikauliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. "Kama mlikuwa watumwa na mkapigwa, kwa nini udongo wenu ni mtamu?"

Bi Naima alifikiri. "Kwa sababu tunaula tukiwa tumeshatoka," akasema.

Akasimulia. Habari za Musa nilizijua, lakini aliposimulia yeye zilifululiza mpaka Basra. Alikuwa msichana Mayahudi wa Basra walipolazimika kuondoka, na kila mtu aliruhusiwa sanduku moja. Mama yake alificha chupa ya asali ya tende sandukuni, ndani ya gauni lililokunjwa. Kwenye uwanja wa ndege afisa alilifungua sanduku, akaitoa chupa, akachovya kidole, akalamba. Akamtazama mama yake. Akairudisha chupa ndani ya gauni, akalifunga sanduku mwenyewe.

"Na wewe, dada?" akamgeukia Bibi. "Sheria ya meza hii, aliyetoka mahali husimulia."

Mama alitaka kuingilia, kwa kuwa alijua jibu litakuwa "Tulikuja, basi." Mkono wa Bibi ulikwisha anza kutafuta kitu cha kushika. Ukakuta mkate mkavu. Akaukata kati.

"Nilikuwa nina wali jikoni," alisema Bibi, kwa Kiarabu, herufi zake zote laini. "Wali wa nazi kama huu. Wakaja kutwambia tuondoke saa ile ile. Mume wangu ananivuta, mimi nasema ngoja. Nikauepua wali. Nikazima moto vizuri, kwa sababu mtu haachi moto ndani ya nyumba. Nikaufunika usiingie inzi. Ndipo nikatoka." Akaviweka vipande vya mkate mezani. "Miaka yote hii najiuliza nani aliula ule wali. Sikupata kumwambia mtu, naona ni ujinga, watu wamepoteza makubwa. Lakini namwomba Mungu awe ameula mtu mwenye njaa."

Mama alikuwa analia waziwazi. Bi Naima alichukua ule mkate uliokatwa, akaupaka haleki, akamwekea Bibi mkononi, akajipakia na wake. Wakala pamoja. Kisha Bibi akaendelea, na akaendelea, meli, joto, mtoto aliyezaliwa baadaye akawa baba yangu, na Kiarabu kikamtoka kama maji yaliyofunguliwa lango, na Bi Naima anamkatiza, na yeye anamkatiza, na wali ukaisha, samaki akaisha, na hakuna aliyemhimiza Bi Naima kula kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa hali.

Asubuhi, tulikuwa bado hatujafungua madirisha, geti likagongwa. Nilikwenda kufungua. Alikuwa Bi Naima, peke yake, amevaa ndara za kuogea, amepita ule uwanja wote wa mchanga bila ya mtu wa kumshika.

"Yuko wapi bibi yako?"

Bibi alitoka jikoni anafuta mikono. "Kuna nini, dada? Umepatwa na nini?"

"Nina njaa," alisema Bi Naima.

Bibi alisimama akawaza nini kilichopo kisicho na ngano wala hamira, nami nikaona midomo yake ikipita kwenye kabati moja baada ya jingine. Kisha akamvuta ndani, si barazani kwa wageni bali jikoni, akamweka kwenye kibao chake mwenyewe, akamenya ndizi mbivu, akazipika kwa nazi na iliki. Bi Naima alikula sahani ya kwanza akaisukuma mbele bila ya maneno, na Bibi akaijaza. Alikuwa kwenye ya pili Daktari alipoingia mbio, nywele hazijachanwa, kiatu kimoja cheusi na kingine cha buluu, kwa sababu alikuwa ameamka akakuta kitanda cha mama yake kitupu.

"Mama, umenitisha. Umefikaje huku? Unajisikiaje?"

Bi Naima aliinua kijiko kumnyamazisha.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nakula."